Hajja Zaituni Alitaka Kuiona Petroli Yake

Siku mliponiaga kwa soda na keki pale gereji, mmoja wenu alisimama akasema kwamba sasa Mzee Wasiwasi anakwenda kupumzika. Mkacheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba sijapumzika. Nakaa uani kwangu Kirewa, kuku wanapita, na gari likisikika barabarani nainua kichwa nisikilize kama linavuta vizuri. Mke wangu amesema nitafute la kufanya kabla hajanirudisha Busia yeye mwenyewe. Basi naandika, kama mlivyoomba. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitagusa, maana hayo yalishatugombanisha vya kutosha. Nitaandika juu ya mabomba ya petroli, kitu kilichoninyima raha muda wote wa kazi yangu.

Nilianzia Tororo, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya maduka ya vipuri, mahali ambapo vumbi la saruji lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Okiror, mtu mrefu wa kabila la Teso mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza sikupewa spana. Alinikalisha juu ya tairi, akakunja mikono ya shati lake mpaka juu ya kiwiko, akaninyooshea mikono yote miwili niitazame. Ngozi ilikuwa imevutana na kung'aa kama mfuko wa nailoni uliopitiwa na moto.

"Hii ni petroli," akasema. "Kidogo tu, kijiko moja. Mimi nilifikiri imekauka."

Akashusha mikono ya shati, akanipa ufagio. Nilifagia siku nzima nikiwaza juu ya kile kijiko. Jioni nilipanda baiskeli kurudi Kirewa nikajisemea kwamba kesho sirudi, nitalima muhogo kama baba. Kesho nikarudi, kwa sababu jembe nililijua na sikulipenda.

Mzee Okiror hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila alichonifundisha kilianza na hofu. Usiguse bomba la petroli kabla hujatoa waya wa betri. Usifanye kazi juu ya injini yenye joto, hata mwenye gari akikusimamia kichwani na kupiga kelele. Bomba la chuma likipita kwenye tundu la bati, livalishe mpira, maana bati litalila polepole na wewe utakuwa umeshasahau. Bomba lisiende sambamba na ekzosi, lile bomba la moshi. Vikilazimika kukutana vipishane haraka kama wakwe waliokosana. Alinifundisha kutumia kile kifaa cha kupanua mdomo wa bomba la chuma, ili mpira ukivalishwa juu yake na kukazwa klipu usichomoke. Nilikipenda kifaa kile kuliko vyote. Mdomo ukitoka mviringo sawasawa, nilikuwa naweza kupumua.

Mimi Owor, jina la Wasiwasi nilipewa hapo hapo. Nilikuwa nikimaliza kazi, gari likitoka getini, nalifuata mbio na kumwomba dereva asimame niangalie tena. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Okiror hakucheka hata siku moja.

Baadaye nilihamia Busia, na huko nikakuta desturi iliyonipa hofu mpya. Ninyi mmezaliwa ndani yake, lakini mtu wa mbali akisoma haya hataelewa, kwa hiyo naieleza. Kwetu mpakani petroli nyingi ilivuka kwa madumu juu ya baiskeli na pikipiki, ikauzwa kando ya barabara kwenye chupa. Muuzaji mwenye tamaa aliongeza mafuta ya taa. Mwenye tamaa zaidi aliongeza maji. Kwa hiyo madereva wa hapa hawakuamini petroli wasiyoiona kwa macho. Walimwambia fundi atoe lile bomba jeusi la mpira karibu na injini, aweke bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lile ambalo waashi hulijaza maji kupimia usawa wa ukuta. Tuliliita bomba la levo. Dereva alifungua boneti, akainama, akaona petroli yake ikipita, rangi yake na mapovu yake, na kama kuna maji yaliyojikusanya chini. Akishaona, roho yake ilitulia, na yangu ndipo ilipoanza kusumbuka.

Plastiki ile haikutengenezwa kwa petroli wala kwa joto. Ikikaa karibu na injini inageuka manjano, inakuwa ngumu, halafu inapasuka penye klipu. Nilisema, nikasema tena. Wateja walinijibu kwamba fundi anayeficha petroli ana sababu yake. Nikawa nawawekea, nawaambia warudi upesi nibadilishe, na wasiporudi nawatafuta sokoni. Wengine walinikwepa kama wanavyowakwepa wanaouza bima. Kilichotuokoa ni kwamba magari yale yalikuwa ya kabureta. Pampu yake inasukuma kidogo kidogo, bomba likipasuka petroli inadondoka tone tone, na injini inazima yenyewe.

Halafu zikaja nosikati. Mnazijua, vichwa vya magari vilivyokatwa huko Japani na kuletwa ndani ya kontena, injini na kila kitu. Mtu mwenye gari kuukuu lenye bodi nzuri akanunua kichwa, akang'oa injini ya zamani, akapachika ya Kijapani. Gari likakimbia kuliko siku lilipozaliwa. Lakini injini hizo hazina kabureta. Zinanyunyiziwa petroli, ndiyo injeksheni, na ili inyunyizwe lazima isukumwe na pampu ya umeme kwa nguvu inayozidi ile ya upepo ndani ya tairi lako. Hapo bomba likipasuka hakuna tone tone. Petroli inaruka kama dawa ya mbu, juu ya injini ya moto, na pampu inaendelea kusukuma. Nilipoielewa habari hiyo sawasawa, nilikuwa nikiona gari la zamani lililobadilishwa injini, napita upande wa pili wa barabara.

Sasa nifike kwa Hajja Zaituni. Ni mwaka wangu wa mwisho kazini, na wengi wenu mlikuwapo, lakini mmesimulia vibaya.

Hajja Zaituni ni mama wa usafirishaji. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na malori na mabasi madogo kati ya Busia na Tororo, na juu ya yote walikuwa na pijo nyeupe ya zamani, lile gari refu la Kifaransa lenye safu tatu za viti. Hajji alipofariki aliuza magari mengi, pijo hakuiuza. Mwanawe Rashidi alikuwa amepeleka pijo ile mji mwingine ikapachikwa injini ya Kijapani, kisha akaileta kwangu akasema inanuka petroli kidogo. Mjukuu wa Hajja, Shamimu, alikuwa anaolewa Mumias, na Hajja alitaka bibi harusi apelekwe kwa mumewe ndani ya gari la babu yake.

Nilifungua boneti nikaifunga tena. Nikanywa maji. Nikaifungua mara ya pili. Aliyepachika injini alikuwa amefanya kazi safi sana, waya zimepangwa vizuri, lakini mabomba ya petroli alikuwa ameacha yale yale ya enzi za kabureta. Mpira uliochakaa, klipu za kukaza kwa bisibisi ambazo zilikuwa zimeshaukata mpira, na karibu na injini, kipande cha bomba la levo kilichokuwa kimeanza kuvimba.

Niliifanya kazi ile kama ninayemvalisha mtoto wangu. Nilitoa waya wa betri, nikaacha gari lipoe, nikapunguza nguvu ya petroli kwenye bomba kabla ya kufungua chochote. Nilivuta bomba jipya la chuma kutoka nyuma mpaka mbele, mbali na ekzosi, nikalivalisha mpira kila lilipopita kwenye bati. Nikaweka bomba la pili la kurudisha petroli kwenye tangi, kwa sababu injini hizi hazinywi zote. Mbele nikaweka bomba jeusi la nguvu, lenye nyuzi ndani ya mpira, na klipu za duara zenye bolti ambazo hazing'ati. Nikawasha, nikapitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungio. Halafu nikaenda kunywa chai, nikarudi nikapitisha tena.

Hajja alipokuja kuchukua gari, hakuangalia chuma wala klipu. Alifungua boneti mwenyewe.

"Fundi, hapa umeweka nini?"

"Bomba ya injeksheni, Hajja. Ile ya nguvu."

"Ni nyeusi."

"Ndiyo, Hajja. Ni nyeusi."

"Sasa petroli yangu mimi naona wapi?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, juu ya pampu na nguvu yake na moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akafunga boneti na kuweka mkono juu yake.

"Owor, wewe unajua Hajji alikufa namna gani?"

Nilijua. Busia nzima inajua. Lakini alitaka kusema.

"Alinunua petroli ya chupa. Ndani ni maji. Gari inazima pale kona ya Buteba. Hajji anashuka, anasukuma. Mimi niko ndani nashika usukani. Lori haioni yeye. Kutoka hiyo siku, mimi sitembei na petroli sijaona. Wewe unaogopa moto. Mimi naogopa maji. Kila mtu na yake."

Niliona huruma, na pia niliona aibu kwamba hofu yangu niliyojivunia miaka yote ilikuwa ya kusimuliwa, na yake alikuwa ameiona kwa macho akiwa ameshika usukani. Nikasema tu, taratibu, "Hajja, nakuomba. Hiyo nyingine itapasuka."

"Sawa, fundi," akasema. Akaingia garini, Rashidi akaendesha wakaondoka.

Ile "sawa" ilinikaa vibaya. Wanawake wa umri wake hawasemi sawa kwa upole namna ile wanapokubali. Siku zilizofuata nilimpigia Rashidi kumuuliza gari linaendaje, akasema linaenda vizuri, mzee, acha wasiwasi. Nikampigia tena. Mara ya tatu hakupokea.

Siku ya harusi nilikuwa gereji. Nikaha ilishafungwa asubuhi msikitini, nikasikia honi zikipita na vigelegele, nikajua wanaelekea mpakani wavuke kwenda Mumias. Nilikuwa nimeinama juu ya breki za lori alipokuja Wandera, fundi wa gereji ya jirani, kuazima kabari. Mkononi alikuwa na kipande cha bomba jeusi.

"Mzee Owor, shika mali yako. Hajja alisema nikurudishie."

Nililitambua kabla hajamaliza kusema. Lilikuwa na alama ya chaki niliyoiweka mwenyewe.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa pijo. Jana. Hajja anataka ya kuonyesha, mimi naweka ya kuonyesha. Mpya kabisa, si ya zamani. Kwani kuna nini?"

Kabari sikumpa. Wandera hakuwa na ubaya wowote. Alifanya kile ambacho sisi wote tulikuwa tumefanya mpakani maisha yetu yote. Nilimpigia Rashidi, simu ikaita mpaka ikakata. Nikamwona akilini anaimba na madirisha yamefunguliwa. Nikachukua mfuko wa spana, nikatia lile bomba jeusi, nikarukia bodaboda. Nilimwambia kijana akimbie, akanijibu, "Mzee, nakwenda, nakwenda," na hata hivyo nilikuwa namsukuma mgongoni.

Foleni ya mpakani siku hiyo ilikuwa ndefu. Upande mmoja yalisimama matrela ya mafuta yanayoingia Uganda, yamejaa. Upande wetu yalisimama matanki yanayorudi Kenya, matupu. Mtu asiyejua huogopa lililojaa. Fundi huogopa tupu zaidi, kwa sababu ndani yake kumebaki gesi inayosubiri cheche. Kando ya barabara akina mama walikuwa wanakaanga chapati na muhogo juu ya majiko ya makaa, kama kila siku. Nami nilikuwa naangalia kila jiko.

Pijo niliiona kwa mbali kwa sababu ya utepe wa waridi. Ilikuwa katikati ya matanki mawili, na dirisha la nyuma lilikuwa linatoa moshi.

Nisiwafiche, nilidhani nimechelewa. Niliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia. Nilipofika ndipo pua yangu ikaniambia kwamba ule haukuwa moshi wa gari. Ulikuwa udi. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amekaa kiti cha nyuma na chetezo mapajani, makaa yamewaka vizuri, anamfukiza Shamimu nguo na nywele ili afike kwa mumewe ananukia. Watoto walikuwa wamebanana pembeni wakipiga chafya. Gari zima lilinukia udi, na ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia harufu ya petroli. Mimi nilitazama chini ya bampa ya mbele. Lami ilikuwa imelowa.

"Rashidi, zima gari!"

"Ah, Fundi! Umekuja kutusindikiza? Foleni inasogea, ngoja..."

Niliingiza mkono dirishani nikazungusha ufunguo mwenyewe, nikauchomoa. Injini ikanyamaza, na pampu nyuma ikanyamaza. Nikafungua mlango wa nyuma.

"Shangazi, nipe hiyo chetezo. Taratibu. Usimwage."

"Wewe ni nani unashika mambo ya bibi harusi na hiyo mikono?"

"Shangazi, nakuomba kwa jina la Mungu."

Sijui alichokiona usoni kwangu, lakini alinipa. Sasa nikawa nimesimama katikati ya barabara na makaa ya moto mikononi, petroli nyuma yangu, tanki mbele, tanki upande, na sijui niende wapi. Dereva wa tanki, Mkenya kijana, alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele.

"Buda, umeingiwa na wazimu? Hii tanki ni tupu lakini iko na gesi! Toa hiyo moto hapa!"

"Naipeleka wapi?"

"Popote, bora si hapa! Songa, songa!"

Nilitembea. Kukimbia niliogopa, maana kaa moja lingeruka. Nilipita baina ya magari nikiwa nimekishika chetezo mbele yangu kama sinia la mgeni, mpaka ng'ambo ya mtaro, ambako mama mmoja alikuwa akiosha sahani za mgahawa wake. Nikakitumbukiza chote kwenye beseni lake. Kililia, moshi ukapanda, na yule mama akaniangalia, akaangalia sahani zake zilizojaa majivu.

"Baba," akasema, "kwenu hakuna maji?"

Niliporudi, Hajja Zaituni alikuwa ameshashuka na kufungua boneti. Alikuwa amevaa gauni la dhahabu na ushungi mweupe. Alinionyesha kwa kidole, hana hasira, ana fahari kidogo.

"Ona, Owor. Petroli yangu inaonekana. Safi kabisa. Hakuna maji."

Kweli ilikuwa safi. Bomba lilikuwa limelainika kwa joto la foleni, limevimba, na pale penye klipu ngozi yake ilikuwa nyembamba na jasho la petroli likitiririka juu ya injini. Nilichukua mkono wake, jambo ambalo siku nyingine nisingethubutu, nikaushusha taratibu mpaka kidole chake kikagusa ule uvimbe. Bomba likafunguka chini ya kidole chake kama ngozi ya embe lililoiva sana, na petroli iliyobaki ikamwagikia mkono wake na upindo wa gauni la dhahabu.

Hajja alitazama mkono wake. Kisha akatazama ndani ya gari, bibi harusi na watoto, na moshi wa udi uliokuwa bado unaning'inia juu ya viti.

"Shukeni," akasema. "Wote. Shukeni sasa hivi!"

Yule dereva wa tanki na wenzake walikuja kusaidia, tukaisukuma pijo nje ya foleni mpaka uwanjani, mbali na majiko. Bibi harusi alisimama kivulini akiwa ameinua nguo yake isiguse vumbi, akilia kimya kimya. Nilimwosha Hajja mkono kwa sabuni. Nilifikiri sasa ataniambia nifanye nitakavyo, lakini bado aliniuliza.

"Hiyo nguvu ya petroli inaanzia wapi?"

"Kwa pampu, Hajja. Iko nyuma, chini ya gari, karibu na tangi."

"Kutoka pampu kuja mbele ndiyo nguvu?"

"Ndiyo."

"Na kutoka tangi kwenda pampu?"

Kati ya tangi na pampu hakuna nguvu. Petroli inavutwa tu, inashuka yenyewe. Na huko nyuma hakuna joto la injini. Katika hofu yangu yote ya miaka yote sikuwahi kujiuliza swali hilo, maana mimi nilikuwa nauliza tu moto utatoka wapi. Ni yule mwanamke aliyetaka kuona ndiye aliyeuliza pa kuonea.

Rashidi alikwenda dukani akarudi na chujio dogo, lile lenye ganda linaloonyesha ndani, la kutumika kwa petroli hasa. Nilibana bomba la tangi kwa koleo, nikalipachika chujio kabla ya pampu. Mbele nikarudisha bomba langu jeusi, nikakaza klipu mpya. Nikaosha injini kwa maji na sabuni, tukaacha jua likaushe. Foleni ikasonga, harusi ikachelewa, simu za Mumias zikaita bila kukoma. Nilidondosha bolti moja mara kadhaa, na Rashidi akawa ananiokotea.

Sasa ilibaki kuwasha. Hajja aliwaondoa watu wote, hata Rashidi, akawapeleka ng'ambo ya mtaro. Akaingia mwenyewe, akakaa nyuma ya usukani. Nikamwambia ni kazi ya fundi. Akasema, "Wewe kaa hapo na bomba yako." Nikaweka kiganja changu juu ya bomba jeusi. Akazungusha ufunguo, pampu ikalia, nikahisi mpira ukikaza chini ya mkono wangu kama mshipa wa mtu aliye hai. Injini ikawaka. Tukakaa hivyo muda mrefu, yeye ametoa kichwa dirishani ananiangalia, mimi naangalia mkono wangu. Mkono ulikuwa mkavu.

Kisha akashuka, akazunguka nyuma, akakunja gauni lake lililonuka petroli na kupiga magoti vumbini. Aliinamisha kichwa chini ya gari. Ndani ya lile ganda dogo petroli ilikuwa inapita, ya manjano kidogo, haina kitu.

"Naiona," akasema. Akabaki amepiga magoti kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na nilipomsaidia kuinuka macho yake yalikuwa yamelowa. "Hajji angekuwa na hii, angeona yale maji."

Vijana, leo kila gari la zamani lililobadilishwa injini Busia lina chujio kama hilo kabla ya pampu, na wengi wanaliita jicho la Hajja bila kujua ni Hajja gani. Ndiye huyo.

Watu wakarudi garini, bila chetezo. Rashidi akashika usukani. Nilipaswa kusema nendeni. Hilo ndilo neno gumu kuliko yote katika kazi hii, na hakuna spana ya kulitoa. Nilisimama pale nimeshika mlango. Hajja akanitazama, akasogea, akawaambia watoto wabanane.

"Panda," akasema. "Ukibaki hapa utakufa kwa mawazo."

Walinitandikia boksi la katoni ili ovaroli yangu isichafue nguo ya bibi harusi. Tukavuka. Njia nzima hawakuimba. Mimi ndiye niliyeomba wasiimbe, nipate kusikiliza. Tulipita mji baada ya mji, miwa ikaanza, na kwenye kila tuta nilikuwa nainua pua. Shamimu aliniuliza kwa sauti ya chini kama tutafika. Nikamwambia ndiyo, na nikatamani kuliamini.

Mumias watu walikuwa wamejaa barabarani, na ngoma. Gari liliposimama, vigelegele vikalipuka, milango ikafunguliwa, wakamshusha bibi harusi wakambeba kwa nyimbo. Mimi nilikuwa nimeshalala kifudifudi chini ya pijo, napitisha kidole kwenye kila kiungio kutoka mbele kwenda nyuma. Pakavu. Pakavu. Pakavu. Nikaona viatu vya dhahabu vimekuja kusimama kando ya tairi, na juu yake upindo wenye doa.

"Owor, toka huko chini. Pilau inapoa, na wakwe wanauliza huyo ni nani."

"Nakuja, Hajja," nikamwambia. "Bado huku kwa tangi."

Hakuondoka. Nilisikia anashusha pumzi, kisha nikaona magoti yake yanagusa ardhi upande wa pili, na uso wake ukaingia chini ya gari, ukatazama lile chujio nililokuwa nalitazama.